Pumzi Iliyotoka Puani

Mdogo wangu Lusajo anapumua kwa pumzi niliyoitoa mimi Jumanne moja, saa nne asubuhi, nikiwa sijanywa hata chai. Ina urefu wa dakika nne na sekunde kumi na moja. Ikifika mwisho inaanza tena. Kwa siku inazunguka mara mia tatu arobaini na nne, na mpaka siku ninayoanza kuisimulia hapa ilikuwa imezunguka miezi minane bila kukatika. Watu wakisikia hivyo hunishika mkono kwa mikono miwili na kusema, "Mwaisa, wewe kweli ni ndugu." Huwa naitikia tu, maana kubishana kunachosha.

Sikuwa ndugu wa namna hiyo. Katika miezi minane yote nilikwenda kumwona mara mbili. Nilijiambia kwamba pumzi yangu iko naye usiku na mchana, sasa mimi mwenyewe niende kufanya nini?

Kazi yangu ni hamonika, kile kinanda cha mdomo kinachoingia mfukoni na ambacho watu hudhani ni cha watoto. Nimekipiga miaka thelathini na moja. Chumba changu pale Uyole kina kiti, kipaza sauti, na kanyagio. Ukilikanyaga mara moja linasikiliza. Ukilikanyaga tena linarudia ulichopiga, nawe unaweka sauti ya pili juu yake, halafu ya tatu, mpaka unakuwa bendi ya mtu mmoja. Asubuhi narekodi, mchana nazungusha, Alhamisi naenda kupiga na wenzangu kwenye ukumbi wa nyuma ya soko, bila mpango, kila mtu akiingia anapoona pana nafasi. Ukishazoea maisha hayo huhitaji watu wengi. Mke wangu alilijua hilo kabla yangu, akaondoka kwa adabu kabisa, akaniachia na masufuria.

Siku waliponipigia simu kwamba Lusajo ameanguka kazini, kwenye visima vya mvuke, nilikuwa nimefika sauti ya tatu. Nilimaliza ya nne ndipo nikavaa viatu. Sikulia njiani, na nilipofika sikulia. Niliingojea huzuni kama unavyongojea maji ya bomba siku za mgawo: unafungua, unasikia upepo tu. Na mpaka leo sijui kama yalikatika siku hiyo au yalikuwa yamekatika zamani.

*

Wagonjwa wa visimani wana mapafu mazima. Gesi inayovuja na ule mvuke huua kipande kidogo cha ubongo, kile kinachokumbuka kupumua kwa niaba yako wakati wewe unawaza mambo mengine. Basi mgonjwa hufungwa mkanda mbavuni, na mkanda unamkumbusha: vuta, toa, vuta, toa. Usipoambiwa kutoa, mkanda unaishikilia pumzi pale ilipo.

Mwanzoni mikanda ilifuata mapigo ya saa. Lakini mwili wa binadamu una kiburi. Baada ya wiki mbili tatu unayazoea mapigo yaliyo sawasawa, kisha unayapuuza kama unavyoacha kusikia jokofu la jirani. Ikahitajika pumzi ya mtu, isiyo sawasawa. Waimbaji walijaribiwa, ila mwimbaji husikika anapotoa tu, na akivuta mashine haijui amevuta kiasi gani. Hamonika inalia ukipuliza na inalia ukivuta. Ndimi zake za shaba zinasema kila kitu. Ndivyo nilivyotafutwa, na ndivyo wagonjwa kumi na wanne wa Kituo cha Pumzi kule Tukuyu walivyowekewa Jumanne yangu, Lusajo akiwa wa kwanza.

Kila baada ya miezi minane mpigaji huitwa kupimwa, kuona kama kifua chake bado kinafanana na rekodi yake. Nilikwenda siku hiyo kwa sababu niliitwa kwa barua. Fundi wa mikanda alikuwa binti aitwaye Tumpe, mrefu, mwenye kucheka haraka, na ambaye aliniita baba tangu salamu ya kwanza.

"Lala hapa, baba. Nakufunga mkanda wa akiba, nakuwashia rekodi yako mwenyewe. Usishindane nao. Uachie tu ukupumulie."

"Kwa muda gani?"

"Robo saa. Wengine huwa wanasinzia."

Nikauachia. Ni jambo la ajabu kupumuliwa na wewe mwenyewe. Niliitambua ile Jumanne: pale nilipoanza taratibu, pale nilipokumbuka bili ya umeme nikaongeza mwendo. Dakika ya pili kifua kilikuwa kimejaa. Dakika ya tatu kilikuwa kimejaa zaidi, na bado rekodi ilikuwa inavuta. Mwishoni ukaja mpulizo mmoja mrefu, hewa ikapungua nusu, halafu ikaanza upya kujaa. Nilitaka kusema, lakini mtu hasemi bila pumzi ya kutoka.

Halafu nikaanza kujisikia vizuri. Hilo nalisema wazi kwa sababu ndilo lililonitia wasiwasi baadaye. Kuanzia dakika ya kumi hapakuwa na kitu kilichoniuma, si goti, si bili, si Lusajo. Kila kitu kilikuwa mbali kidogo na mimi. Ilikuwa hali ninayoifahamu vizuri.

"Ona," Tumpe akasema huku akicheka. "Baba unatabasamu. Hivi hivi kama mdogo wako."

Nikanyanyua mkono nikagusa mdomo wangu. Ulikuwa umevutika pande zote mbili, meno yameumana. Nikagusa tena ili niwe na hakika. Sikuwa natabasamu. Nilikuwa najaribu kutoa hewa.

"Zima," nilitaka kusema, na sikuweza, nikapiga ubavu wa kitanda kwa ngumi mpaka akazima.

Nilikaa kitako nikahema kama mbwa. Tumpe aliniletea maji, na nilipoweza kusema nikamuuliza, "Puani mnasoma?"

"Puani? Hapana, baba. Mashine inasoma ndimi za hamonika tu."

Hapo nikajua nimefanya nini. Anayepiga hamonika kwa mtindo wangu huvuta zaidi kuliko anavyopuliza, kwa kuwa utamu wa muziki uko kwenye kuvuta. Ukivuta mara tano na kupuliza mara tatu, mapafu yanajaa. Kwa hiyo unajifunza kuiachia ile ya ziada kupitia puani, kidogo kidogo, katikati ya sauti. Na kwa vile kipaza sauti hakisamehe, unajifunza kuiachia kimyakimya. Mimi ilinichukua miaka sita. Wenzangu walinisifu kwa hilo kuliko kwa muziki wenyewe: rekodi za Ambakisye Mwaisa, walisema, ni safi, huwezi kusikia pua hata ukiitafuta. Jumanne ile nilijitahidi kuliko siku zote, kwa kuwa ilikuwa ya hospitali.

Nilipaswa kuogopa. Nilichosikia ni njaa, nikamwomba Tumpe andazi, akanipa.

*

Daktari Kyando, mkuu wa kituo, hakunifokea. Ni mtu mpole mwenye masikio makubwa, na alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua majalada ya wagonjwa wangu wote kumi na wanne akayapanga mezani.

"Hewa chafu kwenye damu imepanda kwa wote," alisema. "Ila polepole. Kila mwezi tuliandika: mgonjwa ametulia. Tulifurahi. Wagonjwa wa wapigaji wengine wanasumbuka, wanatapatapa, wanalia. Wako wanalala kama watoto. Kwa nini hukusema habari za pua?"

"Hakuna aliyeniuliza."

"Na wewe hukufikiri?"

"Daktari, mimi ile pumzi ya puani nilikuwa nimeshaacha kuihesabu kama pumzi."

Akatikisa kichwa, nadhani aliniamini. Akanieleza mambo mawili. La kwanza, tukiiacha rekodi ilivyo, Lusajo ana miezi minne, labda sita. Atazidi kusinzia, kisha siku moja hataamka, na hatasikia uchungu wowote. La pili, tukiweka rekodi mpya iliyo sahihi, ataamka. Atakuwa na akili zake zote, na ataishi miaka. Lakini ataamka na kila kitu: mbavu zinazoungua kutwa kwa ajili ya mkanda, kukaa kitandani, hofu ya mtu anayejua kwamba hajipumulii mwenyewe.

"Nani anaamua?"

"Mke wake. Bila dole gumba lake kwenye kibao cha kioo siruhusiwi kugusa rekodi. Kwa hao wengine kumi na watatu nitaita familia moja moja. Ila Lusajo ndiye wa kwanza, na wewe ndiye mwenye pumzi. Kamwambie wewe."

*

Shemeji yangu Sekela ni fundi cherehani. Nilimkuta barazani kwake akipiga pasi shuka za kitandani kwa Lusajo, kwa kuwa alikuwa hazitaki za kituo. Kila siku saa sita mchana huenda kumwosha, kumbadilisha, na kumwimbia nyimbo za kwaya. Pale sebuleni, mahali ambapo watu huweka picha ya harusi, alikuwa ameweka picha ya Lusajo kitandani akitabasamu.

Nikamwambia yote. Sikupunguza kitu, hata habari za andazi. Pasi ilikuwa imesimama mkononi mwake muda wote, na nilipomaliza akaiweka kando kwa utulivu.

"Kwa hiyo unataka nimwamshe."

"Nimekuja kukuuliza, shemeji."

"Wewe unajua alikuwaje kabla ya pumzi yako? Ule mkanda wa saa?" Hakungoja nijibu. "Hujui. Hukuwepo. Wiki tatu, shemeji. Alikuwa ananishika hapa," akanionyesha kifundo cha mkono, "ananiambia nitoe, nitoe, nifungue huu mkanda nife. Mume wangu! Mtu aliyekuwa akijikata na wembe anacheka. Wiki tatu nikilala sakafuni pale, na alama za vidole vyake mkononi. Halafu wakaleta hiyo rekodi yako. Siku ya pili akatulia. Ya tatu akatabasamu. Nilipiga magoti mimi. Nilikuombea wewe kwa jina."

"Halikuwa tabasamu."

"Unajuaje?"

"Nililala pale. Mdomo wangu ulifanya hivyo hivyo."

"Mdomo wako," akasema. "Mdomo wako hata msibani kwa mama haukuonyesha kitu. Leo ndio uniambie habari za mdomo wa mume wangu?"

Hilo lilikuwa kweli. Akaendelea kupiga pasi. Alikunja shuka, akaikunjua, akaikunja tena vizuri zaidi.

"Hana maumivu," akasema mwishoni, na safari hii hakuwa na hasira. "Miezi sita bila maumivu, au miaka ishirini ya yale niliyoyaona. Ungekuwa mimi ungeweka dole?"

"Sijui."

"Basi mwache. Shemeji, nakuomba. Mwache."

Niliagana naye vizuri. Njiani nilijipima kama ninavyojipima siku zote, nikitafuta kama kuna kinachouma. Palikuwa na jambo moja tu, na halikuwa uchungu, lilikuwa swali: tulikuwa watu watatu tuliomzungumzia Lusajo, mimi, daktari na Sekela, na hakuna aliyekuwa amemuuliza Lusajo.

*

Sheria za kituo zinampa mpigaji nusu saa kila mwezi ya kusafisha mstari. Katika nusu saa hiyo rekodi huzimwa, na mkanda hufuata hamonika moja kwa moja, yaani mpigaji anapumua na mgonjwa anapumua papo hapo. Akinyamaza zaidi ya sekunde moja, rekodi ya zamani inarudi yenyewe. Sikuwahi kuitumia hata mara moja. Nilimpigia simu Tumpe kwamba Jumamosi saa tatu asubuhi nitakuja kusafisha mstari.

"Baba," akasema, "hii ni kusafisha kweli?"

"Nataka kumuuliza kitu."

"Mkewe, mama Bupe, anajua?"

"Hapana."

Nilijua ninamwibia Sekela. Nililijua hilo nikipanda ngazi za kituo, na nililijua nikikaa kwenye kigoda kando ya mdogo wangu, ambaye alikuwa amekonda uso na meno yake yanaonekana yote, akitabasamu kwenye dari. Tumpe akachomeka waya kwenye hamonika. Akaniambia kwamba mashine itarekodi kila nitakachopiga, ndivyo inavyofanya siku zote, ila rekodi hiyo haitachukua nafasi ya Jumanne bila dole la Sekela. Nikatoa pamba mfukoni nikaziba matundu yote mawili ya pua. Tumpe akanitazama, akaelewa, akazima Jumanne.

Nikaanza. Sijawahi kupiga vibaya vile maishani mwangu. Kila nilichokivuta nilikilipa kwa mpulizo wa kiasi hicho hicho, wenye kusikika, na muziki wa namna hiyo ni kama mtu anayepanda na kushuka ngazi ileile. Wenzangu wa Alhamisi wangenitoa ukumbini. Nilikuwa sizungushi kitu, hapakuwa na kanyagio, na kila pumzi ilibidi niitoe upya. Kifua cha Lusajo kilipanda nilipovuta, kikashuka nilipopuliza. Nikikohoa, angekohoa.

Dakika ya tisa mdomo wake ulifunga. Lile tabasamu likaondoka kama mtu anapovua miwani, akabaki na uso wake, uso wa Lusajo mwenyewe, mwenye kisirani kidogo. Dakika ya ishirini na tatu macho yakahama kwenye dari yakanitafuta. Yalikuwa na machozi, na nadhani yalikuwa ya maumivu, kwa kuwa vidole vyake vilikamata godoro.

Nikapuliza taratibu, na kwenye mpulizo wangu ikatoka sauti.

"Kaka."

Nikavuta. Akanyamaza akinitazama. Nikapuliza.

"Unavuta tu," akasema. Sauti yake ilikuwa kama mlango ambao haujafunguliwa mwaka mzima. Nikavuta, nikapuliza. "Miezi yote. Unavuta tu. Hutoi."

Tumpe alicheka kwa mshtuko, akaziba mdomo wake. Mimi sikuweza kucheka wala kujibu. Hilo sikulifikiria nilipopanga mambo yangu: nilikuja kumuuliza mtu swali nikiwa na hamonika mdomoni. Nisingeweza kusema neno hata moja bila kumrudisha alikotoka. Na yeye hawezi kusema ila kwenye mpulizo wangu. Nikimpa mrefu, anasema mengi. Nikimpa mfupi, anakatika.

Nikampa.

"Nilikuwa nakusikia," akasema. "Wewe. Kifuani. Nikadhani uko hapa." Nikavuta, nikampa. "Nikawa naangalia mlango. Kaka, mbona huku..."

Nikavuta.

Nalieleza hili kwa sababu hakuna mwingine aliyeliona, hata Tumpe hakulitambua. Zamu yangu ya kuvuta ilikuwa bado. Nilikuwa na hewa ya kumtosha kumaliza. Nilivuta kwa sababu nilijua neno linalokuja, na nikavuta kwa muda mrefu, mpaka kifua chake kikajaa na macho yake yakafunguka sana. Alijua. Amepiga gitaa la besi na mimi miaka kumi na tisa, anajua ninapoingia kabla ya wakati. Niliona aibu. Ilikuwa mara ya kwanza kuhisi kitu tangu simu ile, na haikuwa huzuni niliyoingojea, ilikuwa aibu tu. Nikapuliza, lakini yeye hakulirudia lile swali. Alinyamaza makusudi, akaniachia mpulizo mzima mtupu.

Hapo mlango ukafunguka. Sekela alikuwa amekuja mapema na shuka zake mkononi, kwa kuwa Jumamosi ana wateja wa harusi mchana. Aliona waya, akaniona mimi na pamba zangu puani, akafungua mdomo anitukane. Halafu akamwona Lusajo anamtazama.

"Sekela," akasema Lusajo.

Shuka zilibaki kifuani kwake. Hakusogea.

"Sikuwa nacheka," akasema Lusajo. Nikavuta haraka, nikampa. "Kila ulipokuja. Nilikuwa natafuta pa kutolea. Hewa. Wewe ukaimba." Nikavuta, nikampa. "Ukapiga picha."

"Mungu wangu," akasema Sekela. "Mungu wangu. Shemeji, mnyamazishe."

Nikavuta kwa kuwa zamu ya kuvuta ilikuwa imefika. Akaliona hilo, akaona kifua kinapanda na mdomo wa mumewe unafunga. Fundi cherehani hujua haraka mashine inafanyaje kazi. Akanijia mpaka karibu na uso.

"Vuta," akasema. "Ukivuta hasemi. Endelea hivyo hivyo, vuta, asiseme tena. Shemeji, mimi siwezi. Miezi minane nilikuwa namwimbia mtu anayenyongwa. Siwezi kulisikia. Vuta, nakuomba, halafu mrudishe."

Ningeweza kumtimizia. Nilikuwa nimetoka kujifanyia mwenyewe dakika tatu tu zilizopita. Tumpe aliinua vidole viwili: dakika mbili zimebaki katika nusu saa yangu, kisha Jumanne inarudi, atake asitake mtu. Mapafu yangu yalikuwa yamejaa. Nilimtazama shemeji yangu, ambaye aliwahi kuniombea kwa jina, nikapuliza. Nilipuliza sauti moja ya chini, nyembamba kadiri nilivyoweza, ili idumu.

"Naumwa," akasema Lusajo. Alisema upesi, kama mtu asiyejua atapewa muda gani. "Naumwa sana, Sekela. Mbavu zinaungua. Naogopa. Ila nakuona. Kule nilikuwa sikuoni, nasikia tu, mbali, na kila siku mbali zaidi. Msinirudishe. Hata nikilia. Hata nikikwambia fungua. Nitakwambia fungua, nakujua na najijua, na wewe usi..."

Hewa yangu ikaisha.

Sikuvuta kwa kutaka. Nilikuwa mtupu mpaka tumboni, na mdogo wangu alikuwa mtupu nami, mdomo wake wazi katikati ya neno. Nikaanza kuvuta. Chumbani ikabaki ile sauti ya hamonika inayolia kwa ndani. Tumpe alikuwa amesimama na kibao cha kioo mikononi, taa yake ikiwaka, amekinyoosha mbele kidogo.

Sekela aliziachia shuka zikaanguka. Akaketi ukingoni mwa kitanda. Lusajo alikuwa anahangaika, shingo imesimama, anataka kulimalizia neno lake bila pumzi ya kulibeba, na Sekela akamwekea kiganja kifuani, pale panapopanda. Mkono wa pili akamnyooshea Tumpe, dole gumba mbele, bila kugeuka.

"Subiri, baba Bupe," akamwambia mumewe. Alikuwa analia, lakini sauti yake ilikuwa ile ya kumwelekeza mteja. "Usishindane naye. Kaka yako anavuta. Akikupa, utamalizia."

Nikaacha kuvuta, nikampa.